Mdudu Huyu Ni Nani? Karne Moja ya Wadudu wa Miti Nairobi na Viunga Vyake

Ni vigumu kuupata mti uliojiotea katika mtaa wa Tena, mashariki mwa Nairobi. Ardhi hii inayopakana na Umoja na Donholm ni ya udongo mweusi mzito, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kung'ang'ania viatu msimu wa mvua. Kabla ya nyumba kujengwa ilikuwa sehemu ya mbuga za nyasi zinazoteremkia upande wa Athi, zenye migunga michache ya hapa na pale. Karibu kila mti unaosimama leo mbele ya lango, kando ya kanisa au kwenye uwanja wa shule ulipandwa na mtu, na asili ya mingi ni mbali: mjakaranda umetoka Amerika ya Kusini, msaipresi wa ua umetoka Meksiko, mpapai Amerika ya Kati, mkaratusi na mgrivea Australia. Huo mgrivea ndio walowezi wa Kiingereza waliouita mwaloni wa hariri, ingawa hauna undugu na mwaloni, na ndio waliouchomeka katikati ya mibuni ya Kiambu na Thika ili uipe kivuli. Mji ambao miti yake imehamia lazima utarajie wadudu wahamiaji pia. Namna Nairobi na viunga vyake vilivyokabiliana na wadudu hao imehifadhiwa katika ripoti za wataalamu, wala haikuwafikia wakazi, na hiyo ni hasara, maana ndani yake mna jibu la swali ambalo mkazi wa Tena hujiuliza kila mti wake unapoanza kunyauka: nipulize dawa gani? Ninavyoisoma historia hiyo, swali hilo limetangulia kabla ya wakati wake. La kwanza ni mdudu huyu ni nani na ametoka wapi. Waliolijibu hilo sawasawa waliokoa miti kwa fedha kidogo. Walioliruka walilipa mara mbili, na wakati mwingine waliwazidisha wadudu waliotaka kuwamaliza.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye kahawa, na inafaa tukae nao kidogo. Mnamo mwaka 1923 mibuni ya eneo la Thika ilianza kuonyesha unga mweupe kwenye vifundo vya matawi na katikati ya vishada vya maua. Unga huo ulikuwa kundi la vidung'ata, wadudu laini wa milimita chache tu wanaojifunika nta na kudunga ganda changa kwa mdomo mwembamba ili wanyonye maji ya mti. Kidung'ata hunywa zaidi ya anachohitaji. Ziada yenye sukari humtoka nyuma, ikadondokea majani ya chini, na juu ya sukari hiyo huota ukungu mweusi unaolinyima jani mwanga wa jua. Sukari hiyohiyo huwavuta sisimizi, nao huwa walinzi: humfukuza mbawakawa mwenye madoadoa anayekuja kuwala vidung'ata, na hivyo kuyatunza malisho yao. Maua hupukutika, matunda hayajai, na matawi yaliyonyonywa hukauka. Katika miaka iliyofuata mdudu huyo alienea katika mashamba ya kahawa ya mashariki ya Bonde la Ufa, wala hakuishia kwa walowezi. Alivamia viazi vikuu na mbaazi za Wakikuyu, ambao sheria na desturi za ukoloni ziliwazuia kupanda kahawa, lakini hazikuwazuia kupata hasara iliyotokana nayo.

Idara ya Kilimo haikulala. Wataalamu wake walimlinganisha mdudu huyo na spishi zilizokwisha kuandikwa vitabuni, na kwa muda mrefu wakamchukulia kuwa ni kidung'ata anayejulikana huko Asia. Kutokana na uamuzi huo, wadudu wa kumwinda walitafutwa ng'ambo, hadi Ufilipino, wakasafirishwa kwa meli, wakafugwa na kuachiliwa mashambani. Hawakustawi. Wakati huohuo wenye mashamba walikuwa wakizungusha mikanda ya grisi kwenye mashina ya mibuni ili kuwazuia sisimizi kupanda. Mbinu hiyo ilisaidia kweli, kwa kuwa sisimizi wakiondoka wawindaji wa kienyeji hupata nafasi ya kula. Lakini kila shina lilihitaji mkanda wake, na kila tawi lililogusa ardhi au kugusa mti wa jirani lilipaswa kukatwa lisije likawa daraja. Hesabu miti ya shamba moja tu, utaelewa uzito wa kazi hiyo. Hatimaye, mwaka 1935, mtaalamu wa wadudu wa idara hiyo, R. H. Le Pelley, alimweleza kidung'ata huyo kama spishi ya peke yake na kumpa jina la kenyae. Utafutaji ukageuka. Kumbe mdudu huyo alikuwepo Uganda na Tanganyika, na huko hakuwa balaa, kwa sababu aliishi pamoja na maadui zake. Mwaka 1938 nyigu wa jamii ya Anagyrus waliletwa kutoka Uganda. Nyigu huyu, anayekaribiana kwa ukubwa na punje ya ulezi, hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Buu lake humla mwenyeji wake kutoka ndani na kuacha ganda tupu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 tishio lilikuwa limeshuka katika sehemu kubwa ya eneo la kahawa. Kadirio la mwaka 1959 lilisema kwamba kazi hiyo iliokoa takriban pauni milioni 10 kwa gharama isiyozidi pauni 30,000. Suluhisho lilikuwa kwa jirani muda wote, na ni utambuzi usio sahihi uliowavusha bahari kulitafuta.

Mtu anaweza kupinga hapa kwa haki. Miaka 15 ilipita tangu unga mweupe uonekane Thika hadi nyigu wa Uganda wafike. Je, mkulima ambaye mibuni yake inakufa mwaka huu afaidike vipi na hekima itakayopatikana baada ya miaka 15? Na je, tungejuaje kama dawa kali isingefanya kazi hiyo katika msimu mmoja? Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili inajijibu kwa tarehe. Miaka 12 kati ya hiyo 15 ilitumika kabla ya mdudu kutambuliwa, na baada ya kutambuliwa ilihitajika mitatu tu. Kwa hiyo kilichochelewesha kazi ni utambuzi wenye kosa, na dawa yake ni utambuzi bora na wa mapema zaidi, wala si kuuacha. Sehemu ya pili ilijaribiwa kwa vitendo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati dieldrini, DDT na parathioni zilipofika mashambani. Dawa hizo ziliua kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Lakini hazikuchagua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwavi wakubwa wa Ascotis, ambao zamani hawakumsumbua mtu, walikuwa wakiyatafuna majani ya mibuni iliyopulizwa parathioni mara kwa mara, na viwavi wadogo wanaochimba ndani ya jani walionekana kuongezeka pale palipopulizwa kuliko pale pasipopulizwa. Maelezo ni mepesi: nyigu waliokuwa wakiwazuia ndio waliokufa kwanza. Sisemi kwamba dawa haina kazi. Ipo mahali pake, hasa kwenye kitalu na kwenye mche unaokaribia kufa. Ninachosema ni kwamba anayepuliza bila kujua amuuaye hana njia ya kujua pia amemuua nani mwingine.

Baada ya kahawa ikaja zamu ya miti ya mbao na ya ua. Fukusi wa mkaratusi, mdudu wa Australia anayeyala majani machanga ya ncha hadi tawi linabaki kipara, alionekana Kenya katikati ya miaka ya 1940. Nchi ilikuwa na bahati kwamba Afrika Kusini ilikwisha kupambana naye na kumleta kutoka Australia, mwaka 1926, nyigu mdogo anayeharibu mayai yake, na huyo huyo akaletwa huku. Kisa hicho kingekuwa kifupi na cha furaha, isipokuwa kwa jambo moja lililojulikana baadaye sana: mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba mdudu aliyeitwa kwa jina moja duniani kote ni spishi kadhaa zinazofanana mno. Hapo ndipo ilipoanza kueleweka kwa nini nyigu yuleyule amefaulu vizuri katika nchi moja na kusuasua katika nyingine.

Msaipresi ndio uliowagusa watu wa Nairobi moja kwa moja. Mti huu wa Meksiko ulikuwa umejaza sehemu kubwa ya misitu ya kupandwa ya serikali, na mjini ulikuwa ndio ua wa nyumba nyingi, kwa kuwa hukatwa ukakaa wima na kuzuia macho ya wapita njia. Mwaka 1986 kidukari mkubwa wa rangi ya kahawia iliyokolea aligunduliwa Malawi, na mwaka 1990 akafika Kenya. Hukaa kwa makundi kwenye matawi ya ndani, na mate yake hudhuru mti kupita kiasi cha maji anayonyonya, ndiyo maana ukaukaji huanzia ndani ya kichaka na kutokea nje. Mwenye ua aliyezoea kutazama kijani cha nje aligundua amechelewa. Nyua zilizokaa miongo zikageuka kahawia. Inakadiriwa kwamba kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 kidukari huyo alikuwa ameua miti ya thamani ya dola milioni 44 katika nchi za Afrika alizozivamia, na kupunguza ukuaji wa thamani ya dola milioni 14.6 kila mwaka. Hatari ilikuwa kubwa zaidi ya fedha, maana mdudu huyo anaipenda pia mitarakwa yetu ya asili ya nyanda za juu, miti isiyoweza kuagizwa upya kutoka popote. Nyigu aitwaye Pauesia alitafutwa Ulaya, akaachiliwa kwanza Malawi mwaka 1994 na baadaye Kenya, na shambulio likapungua ukali.

Kisa hiki kinaweza kutumiwa dhidi yangu, na sina budi kukikabili. Wakati nyigu huyo anaachiliwa, kidukari wetu alikuwa akiitwa kwa jina la ndugu yake wa Ulaya. Ni mwaka 1999 tu ndipo wataalamu walipomtenga kuwa spishi mpya, Cinara cupressivora. Je, si ushahidi kwamba mti unaweza kuokolewa kabla jina halijakamilika? Isitoshe, wapinzani watazidi kusema: wanasayansi wenyewe hubadili majina kila kukicha. Nzi wa matunda aliyetokea pwani ya Kenya mwaka 2003 na kuharibu maembe alipewa jina jipya mwaka 2005, kisha mwaka 2015 ikaamuliwa kwamba ni yuleyule wa Asia aliyejulikana zamani. Nyigu anayefanya vinundu kwenye majani na vikonyo vya mkaratusi alikuwa tayari magharibi mwa Kenya mwaka 2002, miaka miwili kabla ya kupewa jina la kisayansi. Nakubali mifano yote hii. Lakini itazame vizuri. Katika kila mmoja, kilichowaongoza watu kilikuwa ni undugu wa mdudu na asili yake: kidukari wa msaipresi alijulikana kuwa wa kundi linalotoka kaskazini mwa dunia, nzi alionekana mara moja kuwa ndugu wa nzi wa Asia, na nyigu wa vinundu hakuweza kutoka kokote ila Australia, nyumbani kwa mkaratusi. Nyigu wa Ulaya alijaribiwa juu ya kidukari mwenyewe kabla ya kuachiliwa. Kutambua ni kazi yenye ngazi, na ngazi za mwanzo zilitosha kuanza. Ngazi ya mwisho ilipofikiwa ilisahihisha makosa yaliyobaki. Jina linalobadilika kwa sababu ya ushahidi linaaminika kuliko lile lililotolewa dukani kwa kukisia.

Pingamizi lingine lina hofu ya kweli ndani yake: kumleta mdudu mgeni ili amle mdudu mgeni si kucheza na moto? Australia ilimleta chura wa miwa mwaka 1935 ili ale mbawakawa wa mashamba ya Queensland, na chura huyo amekuwa janga kubwa kuliko hao mbawakawa. Hofu hiyo isipuuzwe. Tofauti ni kwamba chura hula kila kinachoingia kinywani, ilhali nyigu wa Anagyrus na wa Pauesia wamefungwa na maumbile kwa wenyeji wachache sana, na leo hakuna anayeruhusiwa kuachilia mdudu nchini bila kupita karantini, ikiwemo ile ya KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kule Muguga. Hapa pia kufungwa huko kwa wenyeji wachache ndiko kunakofanya utambuzi uwe wa lazima. Kidung'ata wa muhogo, aliyeonekana Zaire mapema miaka ya 1970 na kutishia chakula cha mamilioni, alitafutiwa adui kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na kilichopatikana huko kikawa ni spishi nyingine inayofanana naye. Nyigu wa huko hawakufaa. Mwaka 1981 kidung'ata halisi alipatikana Paraguay, pamoja na nyigu wake, naye ndiye aliyeuokoa muhogo wa Afrika. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiwa mkurugenzi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo hapahapa Kasarani. Kosa la kahawa ya Thika lilirudiwa karibu nusu karne baadaye, na likasahihishwa kwa njia ileile. Nchi tajiri nazo hazikusalimika na wadudu wahamiaji: viwavi wanaotembea kwa misururu juu ya mialoni waligunduliwa London mwaka 2006, wakiwa wameletwa na miche kutoka bara la Ulaya, na licha ya kupulizwa dawa mwaka baada ya mwaka bado wapo.

Turudi sasa Tena, maana kuna atakayeuliza mambo ya mashamba ya kahawa na misitu ya serikali yanamhusu nini mtu mwenye mpapai mmoja na mgrivea mmoja nje ya lango. Yanamhusu kwa sababu ishara ni zilezile. Gari lililoegeshwa chini ya mti likiamka na matone yanayonata kwenye kioo, majani ya chini yakiwa na ukungu mweusi na msururu wa sisimizi ukipanda shina, hiyo ni habari ya Thika ya 1923 imehamia mtaani. Kidung'ata wa mpapai, wa asili ya Amerika ya Kati, aliripotiwa Kenya mwaka 2016, na adui yake, nyigu mwenye asili ya hukohuko, alishaletwa na kuachiliwa pwani miaka michache baadaye. Anayekimbilia agroveti na kununua kile kinachoua haraka zaidi huenda akamwangamiza nyigu huyo pamoja na nyuki wa jirani. Na Tena si shamba. Nyumba zimebanana, madirisha ya ghorofa yanatazama matawi, nguo zimeanikwa kwenye roshani, matangi ya maji yako juu ya paa. Dawa inayopulizwa juu ya mti wa mita kumi hapa huishia kwa watoto wa watu.

Utambuzi una faida moja zaidi isiyotajwa sana: mara nyingine humwondolea mdudu lawama. Miti mingi ya Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa jiji, huugua kwa sababu ya mahali ilipo. Udongo mweusi hushika maji hadi mizizi ikakosa hewa, kisha hupasuka na kuikata. Mwenye nyumba anatandaza kabro hadi kwenye shina, fundi anachimba mtaro wa bomba na kukata nusu ya mizizi, na miaka miwili baadaye wadudu wanaotoboa mbao wanaonekana, nao wanabebeshwa kesi yote. Hao mara nyingi hufuata mti ulio dhaifu tayari. Kuufungulia mti nafasi ya mita moja ya udongo wazi na kuumwagilia wakati wa Januari na Februari kutausaidia kuliko lita za dawa.

Itasemwa kwamba mkazi wa kawaida hana maabara. Ni kweli, lakini jiji hili, kuliko miji mingi ya Afrika, limezungukwa na watu ambao kazi yao ni hiyo. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wako Muguga, na ni wa miti hasa. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wako Kabete, mahali zilipokuwa maabara za Scott zilizotupatia mbegu za kahawa za SL28 na SL34. Makavazi ya Taifa yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu, icipe wako Kasarani, na kaunti ina maafisa wa kilimo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuwafikia. Chama cha wakazi kinachoweza kuchanga fedha za mlinzi na za taka kinaweza kumtuma mtu mmoja Muguga mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mti wako ukianza kunata, kunyauka au kugeuka kahawia, usimwite kwanza mwenye msumeno wala mwenye bomba la dawa. Geuza jani utazame upande wa chini, chunguza vifundo vya matawi, na ukiwaona sisimizi funga shina kwa kitambaa kilichopakwa grisi ili wasipande, bila kuipaka grisi kwenye ganda lenyewe. Osha matawi unayoyafikia kwa maji ya sabuni. Kisha kata kijitawi chenye wadudu, kitie kwenye chupa yenye spiriti kidogo, andika aina ya mti, mtaa na tarehe, ukipeleke kwa wanaoweza kukwambia ni nani huyo. Uamuzi wa kupuliza dawa, kupogoa au kusubiri uje baada ya jibu hilo.